Karoti za Mama Zuhura na laptop ya Frank

Jamani, leo nimekasirika kwelikweli.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeendesha skripti ya Frank, yaani programu ndogo aliyoiandika huyu mwenzangu wa ofisini. Ndiyo inayowatumia wakulima wa Mgeta meseji za lori la mboga. Leo ilitakiwa iwaambie kwamba lori halipandi, barabara imekatika.

Kompyuta ikaandika: "Meseji zimetumwa."

Saa tatu, simu ya mkulima mmoja.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Lori liko wapi? Nimeteremka mlimani alfajiri na karoti kichwani, mpaka sasa niko hapa barabarani."

Hakupata meseji. Hakuna aliyepata!

Nikaifungua skripti. Inatafuta namba za wakulima kwenye folda yenye jina la Frank, na folda hiyo iko kwenye laptop yake tu. Kwenye kompyuta ya ofisi haikuona namba hata moja, ila ikajisifu kwamba imetuma.

Nikampigia Frank. Ana raha zake: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

KWAKO!

Nikamfikishia Mama Zuhura jibu hilo kama lilivyo. Akasema:

"Basi mwambie aje na hiyo laptop, anipandishie karoti zangu mlimani."

Frank, najua unasoma hapa. Mama bado amekaa pale barabarani.