Nilipanga kupima jiwe la ziwani ambalo halikuwepo, mke wangu akagonga lililokuwepo

Wakuu, habari za humu. Waliopo kazini wanaochungulia kwa siri na waliolala nyumbani, wote nawasalimu.

Hiki kisa kimenikaa kichwani na sijui nikiweke upande gani. Ni cha kweli. Majina ya watu nimebadilisha, na kisiwa sikitaji kwa sababu mke wangu bado anafanya kazi huko na sitaki aulizwe maswali.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, nimezaliwa na kukulia hapahapa Kampala. Mzee wangu alikuwa askari kutoka Arua. Kambini tuliongea Kiswahili cha amri na cha kuombana chumvi. Hiki cha kuandika nilikipata Mwanza nilikokwenda kusomea upimaji, kwa hiyo mkiona nateleza msinicheke sana.

Kazi yangu ni kupanga upimaji wa sakafu ya ziwa. Boti inakwenda na mashine inayopiga sauti chini ya maji, sauti inagonga sakafu inarudi, mashine inajua kina. Boti haiendi hovyo. Inafuata mistari, kama mtu anayefyeka uwanja, aende arudi. Hiyo mistari naichora mimi kwenye laptop, ofisini Ntinda, nikisikiliza honi za foleni.

Penye hatari unaikaza mistari. Penye amani unaiachanisha. Mafuta na siku za boti huwa havitoshi kukaza kila mahali, na hapo ndipo akili ya mpangaji inapopimwa.

Sasa ikaja kazi ya njia ya boti kutoka mwalo mmoja wa upande wetu, pale boti zinapopakia na kushusha, hadi kisiwani. Tupime, tutoe ramani, wateja waweke maboya ili watu waache kuzama ovyo.

Niliipokea kwa mikono miwili. Mke wangu Zaituni ni nesi kwenye zahanati ya hicho kisiwa. Kila Jumatatu anashuka kutoka kwetu Kibuli, anapanda boda hadi mwaloni, anaingia kwenye boti ya mbao iliyojaa kreti za soda na vitenge vya Wakongo, anavuka. Ijumaa anarudi. Kila Jumatatu nakuwa mjinga hadi simu yake iingie kusema kafika.

Kwa hiyo ile ramani nilikuwa naichora kwa ajili ya mtu mmoja, japo mkataba haukusema hivyo.

Tukaanza kwa kuwapa manahodha vidude vya GPS wakae navyo kwenye boti, tuone wanapita wapi. Hii ni kawaida. Nahodha anayepita kila siku anajua mengi, na njia yake inakuonyesha hatari iko wapi kabla hujachoma mafuta.

Vidude viliporudi nikamwaga data kwenye skrini. Nikaona kitu cha ajabu.

Njia zote zinatoka mwaloni zimenyooka vizuri. Zikifika katikati zinajikunja, zinatoka nje kwenye maji ya wazi ambako upepo unapiga bila huruma, zinazunguka, halafu zinarudi kunyooka hadi kisiwani. Katikati pamebaki peupe. Hakuna boti hata moja iliyokanyaga pale.

Mtu yeyote wa fani yangu akiona hivyo anasema neno moja tu: jiwe. Kuna mwamba pale, manahodha wanaukwepa.

Nikashuka mwaloni kuhakikisha. Nikamkuta nahodha mmoja tunamwita Ssalongo, kwa maana ana watoto mapacha, na heshima hiyo huku kwetu hainyimwi mtu. Ndiye nahodha wa boti anayopanda Zaituni. Nikamuuliza kwa nini hawapiti katikati.

"Ile pahali iko mubaya, boss," akasema akiangalia miguu yake. "Sisi hapana pitanga."

"Kuna jiwe?"

"Eee. Jiwe iko."

Mwenzake akadakia kwamba ni nyavu. Wa tatu akasema maji ya pale yanazunguka. Ssalongo akawatazama, wakanyamaza, akarudia kwamba ni jiwe.

Nikarudi Ntinda nimeridhika. Nikaandika JIWE kwenye ramani kwa wino mwekundu. Nikakaza mistari pale kama kitana. Maji ya wazi ya nje, ambako boti zote zinazunguka, nikaweka mistari michache ya kusindikiza. Si wanapita kila siku na hawajalalamika?

Vijana wa boti ya kupima wakaingia ziwani, jioni wakanitumia data.

Sakafu tambarare, wakuu. Kina kizuri, tope laini, hakuna hata kokoto ya kumtupia kuku.

Nikasema mashine imekosea. Tukaisawazisha upya, tukarudia. Tambarare. Nikasema labda nimekosea mahali, nikasogeza eneo la mistari, tukapima tena. Tope. Vijana wakaanza kunitania kwenye simu, wananiuliza hilo jiwe lilikuwa na miguu?

Hapo nilichanganyikiwa kisawasawa. Mashine inasema hakuna kitu. Watu wanaoishi juu ya maji wanasema kipo. Mimi nasema kipo kwa sababu wao wanakikwepa, na wao wanakikwepa kwa sababu… sijui. Siku za boti zikaisha tukiwa tunatafuta jiwe katikati.

Jumatatu iliyofuata simu ya Zaituni haikuingia.

Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Namba yake ilikuwa haipatikani. Nilikaa kwenye kiti changu ofisini, skrini imewaka mbele yangu, siwezi hata kusogeza kidole. Bosi akaniuliza kitu, mpaka leo sikumbuki nilimjibu nini.

Jioni akapiga kwa simu ya mvuvi.

"Mume wangu, niko mzima. Tumegonga kitu."

Upepo ulikuwa mkali. Boti ilipokuwa inazunguka kule nje ikasukumwa kando kidogo ya njia yake ya kila siku, ikapanda juu ya mwamba, rafadha ikavunjika, ubao wa chini ukapasuka. Maji yakaanza kuingia. Wanawake walikuwa wanayachota kwa ndoo, kwa beseni, kwa chochote. Zaituni alichota kwa boksi lake la barafu la kubebea chanjo. Wavuvi wa dagaa ndio waliowavuta hadi kisiwani.

Nikamuuliza mlikuwa wapi hasa. Akanielezea, nikatazama ramani.

Ni katikati ya mistari yangu miwili ya kusindikiza. Boti yetu ya kupima ilipita kushoto na kulia kwa mwamba haikuugusa. Na njia zote za GPS, ule mkunjo mnene mweusi niliokuwa nao kwenye skrini tangu mwanzo, zilikuwa zinapita jirani kabisa na pale. Nilikuwa nimeangalia peupe wasipopita nikasahau kuangalia peusi wanapopita. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Ijumaa alirudi na boti nyingine. Nilifurahi kumwona hadi nikakasirika, sijui kama mnaielewa hiyo hali. Akaoga, akala, akaiona ramani yangu mezani.

"Hili jiwe umelitoa wapi?"

"Manahodha wamesema."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. "Hapo hakuna jiwe. Hapo ndipo alipozama Kizito."

Kizito alikuwa nahodha, kijana aliyefanya kazi hapohapo mwaloni. Boti yake ilipinduka na dhoruba miaka kadhaa nyuma. Abiria wengi waliokolewa, na waliozama miili yao ikaopolewa. Yeye hakuonekana.

Sasa kwa Waganda, mtu akipotea majini asipatikane, ukoo huwa unachukua shina la mgomba, unalivika sanda, unalizika mahali pake. Kaburi linakuwa lake, msiba unafungwa. Kizito hajazikiwa mgomba. Mama yake amekataa. Na manahodha wa mwalo ule wana sheria yao wasiyoiandika popote: hawapiti juu ya mwenzao ambaye hajazikwa.

"Mbona hawakuniambia?"

"Ulikwenda na kofia ya mradi ukauliza kama kuna jiwe," Zaituni akasema. "Wakakupa jiwe."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Mimi nilijua unajua. Wewe ndiye mtu wa ramani."

Wakuu, hapo nilicheka peke yangu kama chizi.

Nikampelekea bosi habari. Yeye akafurahi. Akasema basi kazi imeisha, katikati ni salama, kina kipo, upepo hauingii sana, tunanyoosha njia hapohapo na maboya yanawekwa. Nikamwambia manahodha hawatapita. Akasema watapita. Tukamwita Ssalongo ofisini, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Boss, mimi nasikia maneno yako. Lakini Kizito alikuwa rafiki yangu. Mimi napita juu ya yeye na engine, na mama yake hajasema ndiyo? Hapana. Muongee na mama."

Yaani usalama wa njia nzima, na wa mke wangu kila Jumatatu, ulikuwa mikononi mwa mama mmoja anayeishi Lubaga, nyuma ya kanisa kuu.

Jumamosi tukaenda, mimi na Zaituni. Mama Kizito si mzee sana. Anashona sare za shule, cherehani iko barazani. Zaituni akapiga magoti kumsalimia, salamu za Kiganda zikaenda ndefu kama kawaida, za nyumbani, za watoto, za kazi. Tukapewa chai na karanga. Tuliongea Kiganda, hapa nawawekea kwa Kiswahili, ila ssebo (bwana) na nnyabo (mama) nimeviacha.

Nikamweleza kila kitu. Boti, mwamba wa nje, wanawake kuchota maji. Nikamwambia akimzikia mwanawe mgomba, watu watapita katikati penye salama. Nilijitahidi kusema kwa adabu, lakini hakuna adabu ya kutosha kwa maneno kama yale.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ssebo, umesema mmepima pale chini pote."

"Ndiyo, nnyabo. Mara nyingi."

"Mlimwona?"

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Boti yake je? Mliiona boti?"

Hapa ndipo penye kisa chenyewe, wakuu. Nilikuwa na neno moja mdomoni: tumeiona. Mama angelia, ukoo ungeitwa, mgomba ungezikwa, na Jumatatu zangu zingekuwa za kawaida kama za watu wengine. Nani angenishitaki? Hata mashine isingeweza kunikanusha, kwa sababu mashine haioni kila kitu. Tope la pale linaweza kuwa limemeza boti nzima.

Nikasema, "Hapana, nnyabo. Hatukuona kitu."

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona mtu akipokea habari zangu kwa furaha namna ile.

"Mungu ni mwema," akasema. "Mmetafuta na mashine ya wasomi, hayupo. Basi hakufa pale. Nitamzikaje mtu ambaye hayupo?"

Nikaanza kueleza habari za tope. Alikuwa ameshainuka kwenda kutuletea chai nyingine. Alinishukuru hadi getini, alinishika mikono yote miwili. Nilikwenda kufunga msiba, nikawa nimeufungua upya kwa ushahidi wa kitaalamu.

Tulipofika kwetu, Zaituni anavua viatu mlangoni, ndipo akasema.

"Nilitamani useme umeiona."

"Uongo?"

"Mimi ndiye nilikuwa nachota maji, si wewe."

Halafu akasema pia kwamba kama ningesema hivyo asingeweza kunitazama usoni tena. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile, akaingia kuswali. Nilibaki mlangoni na viatu vyangu mkononi sijui nimepewa lawama au pongezi.

Jumatatu nikamwambia bosi tubadilishe mpango. Njia isiwe katikati. Iwe kule nje, wanakopita watu. Tukaze mistari kule, tutafute mwamba wote una ukubwa gani, boya likae juu yake.

Bosi akaniuliza kama tunachora ramani ya ziwa au ya matanga. Tuligombana hasa. Nikamwambia njia nzuri isiyopitwa na mtu ni picha tu, na kwamba asipokubali siku za boti nyingine, jina langu lisiandikwe kwenye ile ramani. Alikubali kwa shingo upande, na mpaka leo ananiita Padri.

Tulipima. Mwamba tukaupata, mpana kuliko nilivyodhani, na mdogo wake pembeni. Maboya yakawekwa. Ssalongo anasema yanasaidia. Lakini upepo wa kule nje uko palepale, wakuu, upepo hauwekewi boya. Kila Jumatatu mke wangu anapita kwenye mawimbi ambayo angeweza kuyakwepa kama mimi ningefungua mdomo kidogo tu, Lubaga, kwenye ile baraza.

Nilichojifunza kwenye fani ni hiki: ukipanga kupima, anza na njia ambayo watu wanapita kweli, hata kama huelewi kwa nini wanaipita. Hilo nina uhakika nalo.

Hilo lingine sina uhakika nalo. Kuna siku naamka najiona mtu mkweli. Kuna siku simu inachelewa kuingia, nachukia ule ukweli wangu na kila neno lake.

Mnipe mawazo yenu, hata matusi nitayapokea. Ila kabla mtu hajaniandikia kwamba nilifanya vizuri, ampakie mkewe kwenye ile boti kwanza.