Mgongo wa Baba

Dada anayenikanda hapa Voi amefungua chupa ya mafuta, na chumba kizima kinanuka mkaratusi. Nimelala kifudifudi. Miezi sasa usingizi hauji, na mabega yamekaza kama kamba ya ng'ombe.

Baba naye alinuka hivyo nilipokuwa mdogo. Mahindi yakikomaa alikesha shambani akifukuza ndovu. Asubuhi alijipaka mafuta, akalala mkekani na kuniita, "Njoo unikanyage, mama." Nilishika ukuta nikapanda. Mgongo ulikuwa mgumu kama njia ya ng'ombe, kisha ukalegea polepole chini ya nyayo zangu.

Asubuhi moja alirudi mapema. Ndovu walikuwa wamemaliza shamba lote. Alilala tu, nami nikapanda kama kawaida. Mgongo ukaanza kutikisika. Nikadhani namtekenya, nikacheka sana, nikazidi kurukaruka. Kicheko changu kikaisha, na mgongo bado unatikisika.

"Baba, nishuke?"

"Endelea tu, mama," akasema, uso ukiwa mkekani.

Mikono ya dada imesimama begani kwangu. "Nimekuumiza? Mbona unatetemeka?"

"Hapana," namwambia. "Endelea tu."