Swali Ambalo Baba Mkwe Hakuniuliza

Surua ilipoingia Dzaleka, mwaka wetu wa kwanza katika kambi hiyo ya wakimbizi nchini Malawi, Zaire ikiwa bado inaitwa Zaire, walichanja watoto, kisha vijana, kisha sisi wake wachanga tusiojua kama tuliwahi kuugua au la. Nesi alikuwa Mmalawi. Mkalimani wa foleni yetu alikuwa baba mkwe wangu, mwalimu wa zamani wa Uvira, ambaye Kiingereza chake kilitosha kwa shughuli hiyo.

Kwetu, mwanamke na baba mkwe wake hawazungumzi habari za mwili. Hata nikiumwa kichwa, alimwuliza mume wangu. Zamu yangu ilipofika, nesi alisema kitu huku akielekeza kidole tumboni kwangu. Baba mkwe akatazama chini, akakohoa, akatikisa kichwa kukataa. Sindano ikaingia. Nilidhani wanaongea mambo ya chakula, nikaondoka nikisugua mkono.

Jioni tulikutana bombani na jirani yangu, mfanyabiashara kutoka Kindu. Ni yeye na mume wangu tu waliojua kwamba nina mimba ya miezi mitatu.

"Na we balikuchoma?" akashangaa. "Benye mimba boote balirudishwa ku nyumba! Habakukuuliza?"

Ndoo ikajaa, ikamwagika, nami nakumbuka kidole cha nesi na baba mkwe akitikisa kichwa.

Tangu hapo sikutulia. Nikikaa, nainuka. Nikishona, nafumua. Nilimkasirikia nesi, nikaikasirikia foleni, na baba mkwe zaidi ya wote, lakini ningemwambiaje? Nilimpikia nsima, ugali wa Malawi, nikaitua mbele yake kwa kishindo. Akala bila kuinua macho. Tumbo lilipoanza kuonekana, wanawake nao hawakukosa la kusema. Huyu alisema mtoto atazaliwa kiziwi, yule akasema kipofu, na kila mmoja alikuwa amelisikia kwa mtu asiyesema uongo. Usiku nilikuwa nikimbonyeza mtoto tumboni mpaka anipige teke, ndipo nipumue kidogo.

Jirani akanichoka. "Twende Lilongwe. Mi naenda kununua sabuni, we utauliza yako."

Tulipanda matola, gari la mizigo linalobeba na watu, tukaingia zahanati moja karibu na soko la Area 36. Kichewa alikuwa nacho yeye, na hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale. Aliuliza kila kitu kwa sauti ya sokoni, foleni nzima ikasikia habari za tumbo langu.

Nesi wa pale, mama wa makamo, hakucheka. Alisema chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ndiyo maana wajawazito hawapewi, kwa tahadhari. Lakini wapo waliochomwa bila kujua, na yeye hajaona mtoto aliyedhurika kwa sababu hiyo. Surua yenyewe, akasema, ndiyo inayoharibu mimba na kuua mama.

"Anasema urudi, ukule, ungoje," jirani akamalizia.

Nilitaka nesi aape. Hakuapa. Nikasema zikomo, asante yao, tukarudi na sabuni zetu, na wasiwasi wangu nikarudi nao.

Nilijifungua mvua zilipoanza, mtoto wa kike. Kwa desturi baba mkwe hakutakiwa kuingia chumbani mwangu siku zile. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni. Hakusalimia, hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu.

Mtoto akashtuka, akatupa mikono juu, akalia.

"Anasikia," akasema.

"Anasikia, baba."

Akaegemea ukuta. "Mama, ule nesi aliniuliza kama uko na mimba. Mi njo nilisema hapana. Nilikuwa na haya ya kukuuliza."

Kumbe alikuwa analijua kosa lake, miezi yote ile. Maneno makali niliyomwekea yalikuwa mengi. Nikainuka, nikampa mtoto. Nami sikumwachilia, tukabaki tumemshika wote wawili.