Siku Nilipopewa Filimbi ya Roboti

Acha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana ukumbi mzima wa ile shule ya Parklands uliniona, mimi mwenye maduka matatu ya hadwea, mimi niliyeacha shule darasa la sita na leo naajiri watu wa diploma, nikifunzwa sheria na mtoto wangu.

Ilikuwa miaka ile simu za kamera ndiyo zinaanza kuingia. Shule za sekondari zilikuwa na mashindano ya roboti, na kwa kuwa mbao za meza za kuchezea zilitoka dukani kwangu Kawangware, nikapewa heshima ya urefa (huku kwetu ukitoa mbao lazima upewe pia kazi ya kuonekana). Refa mkuu, Madam Atieno, akaniuliza kama najua timu ya binti yangu Wambui iko kwa meza niliyopangiwa kusimamia. Nikamwambia mimi ni mtu wa haki, aulize Kawangware yote. Akanieleza: roboti ikishatoka kwenye kisanduku chekundu cha kuanzia, mwanafunzi akiigusa anatolewa pointi kumi. Akanipa karatasi ya kuandikia. Nikaikunja nikaitia mfukoni, maana mimi stoo nzima naibeba kichwani.

Timu ya kwanza, roboti ikakwama kwenye kona, na msichana mmoja mdogo wa miwani akaisukuma kwa kidole. Nikainua filimbi. Akaniangalia, machozi yamejaa, na mimi (jamani, nina roho) nikajifanya nakohoa. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Akaja Wambui. Nafasi ya fainali ilikuwa moja kwa kila meza, na huyo mtoto alikuwa ameshinda na nyaya sebuleni muhula mzima. Roboti yake ikakwama kona ile ile, akaisukuma vile vile. Nikaona wazazi wananitazama, nikahofia watasema nimempendelea, nikapuliza filimbi mpaka askari wa geti akachungulia.

"Pointi kumi zimeenda."

"Lakini Daddy, yule wa miwani pia aligusa."

"Hapa mimi si Daddy, mimi ni refa."

"Sawa, refa. Yule wa miwani pia aligusa."

Watu wakacheka. Baba mmoja akainua simu yake, akasema amerekodi yote. Nikababaika, nikamrudishia Wambui pointi zake, na timu ya tatu, kuona kugusa ni bure, ikaibeba roboti kwa mikono miwili mpaka mwisho wa meza. Madam Atieno akafika.

"Mzee, nipe karatasi."

Nikaikunjua. Nyeupe.

Akaamuru meza yangu irudie yote, akanitoa filimbi shingoni taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Safari hii roboti ya yule wa miwani haikukwama. Ya Wambui ikakwama tena. Akaweka mikono nyuma ya mgongo, akasimama hivyo, ananitazama mimi wala si roboti, mpaka muda ukaisha.

Tukirudi nyumbani akaniambia, "Kunitoa pointi haikuniuma, Daddy. Iliniuma vile wewe ulimwachilia yule."

Ile huruma niliyojisifia nilikuwa nimeitoa kwa mfuko wa mtoto wangu. Siku hizi wakitaka mbao, nawapelekea mbao. Wakitaka refa, watafute mtu atakayepuliza kwa kosa la kwanza, hata mwenye kosa akiwa analia.