Unavumilia Nini?

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishushwa kwa maboti, mimi nilikuwa mwanika dagaa wa Kasingirima, kando ya ziwa, mwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Niliutaka ukalimani kwenye zahanati ya wakimbizi, na nilikuwa nimeapa kuupata. Nilisoma huku nageuza dagaa.

Kilichonitoa jasho ni "put up with". Vineno vitatu, ukivisoma kimoja kimoja huambulii kitu. Kitabu kilisema ni kuvumilia usichokipenda. Basi nikatunga sentensi na kuzisema kwa sauti: navumilia jua, navumilia harufu ya dagaa, navumilia maneno ya shangazi. Shangazi, aliyekuwa akianika pembeni yangu, hakujua kwamba namsema. Alisema tu Kiingereza kitanikausha kabla ya dagaa.

Nikaitwa kwa siku moja ya majaribio. Msimamizi alinipa sharti moja: mkalimani haongezi neno lake. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama aliyevuka ziwa juzi yake, kitenge kimemfunika mpaka miguuni. Daktari, mzungu mwenye haraka, akauliza hali. Mama akajibu, "Ni amahoro." Ni amani. Nikatafsiri. Daktari akaandika kwamba ni mzima, akachukua cheti kingine.

Nilikasirika. Sisi Waha tuko vivyo hivyo na hao ndugu zetu: ukiulizwa hali unaanza na amani hata kama nyumba inaungua, shida unaitaja ukiulizwa tena. Nikiongeza neno, kazi imekwenda. Nikinyamaza, mama anaondoka na maradhi yake.

"Daktari, hiyo ni salamu tu," nikasema kwa Kiingereza changu cha ufukweni. "Muulize anavumilia nini." Na hapo nikalitumia lile lile "put up with".

Akanitazama, kisha akauliza. Nilipomfikishia mama swali kwa Kiha, lugha yetu inayoelewana na yao, alipandisha kitenge. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, kidonda kimetunga usaha. Alikuwa nao hivyo tangu aondoke kwao. Alilazwa papo hapo.

Msimamizi akaniita pembeni, akanikumbusha sharti lake. Nirudi kesho, alisema, lakini nisirudie. Nikamwitikia kwa heshima zote.

Kesho yake akaingia mzee mmoja anajikongoja, akasema ni amahoro. Sikumngoja daktari.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Sasa niambie unavumilia nini."