Mawe ya Kona ya Tatu

Kaka yangu wanamwita Chokaa, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Miaka ishirini na miwili anapaka chokaa mawe yanayoonyesha njia ya kupandia mlima, na kucha zake hazijawahi kutakata. Mimi nakata tiketi getini, kwa hiyo aibu zake zote hupitia kwangu kwanza.

Baridi ikiisha, mlima huchanua mpaka katikati ya njia. Maua ya manjano, ya zambarau, na yale madogo meupe ambayo hata jina hayana. Mtu mwingine angeyakanyaga akaenda zake. Chokaa, thubutu! Huinama na kiuno chake kibovu, akasogeza mawe hatua moja kando ili watu wayapite maua pembeni, na yakishapukutika huyarudisha. Ofisi haikuwahi kujua. Wapandaji hufuata mawe tu, hawaulizi. Nilimwonya kwamba iko siku mchezo huo utamtokea puani. Akacheka, akasema dada yake ana roho ya tiketi.

Mwaka huu maua ya manjano yaliota kona ya tatu, na pale hakuna pa kusogezea ila upande wa bonde. Akasogeza hatua mbili nzima. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, udongo ukalegea, na asubuhi ya tatu akapita Mwalimu.

Mwalimu ni mama mstaafu wa miaka sabini na kitu. Anaishi peke yake, na kila wiki hupanda na fimbo yake na buti zilizoshonwa mara tatu. Ukingo ulimeguka, akaporomoka hadi kichakani, akavunjika nyonga. Chokaa ndiye aliyesikia ukelele, akashuka kwa kamba, akamfunga kwenye machela. Nikamsifu mbele za watu, mjinga mimi. Sikujua kwamba wenzake walipotangulia na machela, yeye alibaki nyuma akayarudisha mawe mahali pake pa zamani.

Mkubwa wetu alipopanda kukagua, akakuta mawe yako sawasawa. Akaandika kwamba mama alitoka nje ya alama.

Siku ya nne Chokaa akaniambia ukweli wote, maana chakula kilikuwa hakimpiti tena. Nilimtukana matusi ambayo marehemu mama angenifinya midomo. Akasema hajui aanzie wapi. Akaniomba nimpe muda.

Mchana huohuo binti wa Mwalimu akaja getini kuchukua ile fimbo. Akanieleza kwamba mwanzoni mama yake aliapa alifuata mawe, sasa amekubali kuwa akili imeanza kumtoka. Wanawe wamekwisha kupanga: nyumba ifungwe, akahamie kwa mmoja wao, na buti wamezitia kwenye mfuko wa vitu vya kugawa. Yule mama hakuwa na kosa lolote, na alikuwa anavuliwa maisha yake hivihivi. Nikafunga dirisha la tiketi watu wakiwa kwenye foleni, nikamfuata Chokaa stoo, nikamwambia muda wake umekwisha.

Wodini tulimkuta Mwalimu ameegemea mito miwili, binti yake anamkunjia nguo. Alipomwona Chokaa uso ukachangamka. Akamshukuru kwa kamba, akamwomba radhi kwa kuwasumbua, akasema macho yake siku hizi hayafai kitu.

Chokaa alivua kofia, akaiweka kitandani.

"Macho yako mazima, Mwalimu," alisema. "Mawe yalikuwa palepale ulipokanyaga. Niliyasogeza mimi, kwa sababu ya maua. Ulipoanguka nikayarudisha."

Binti aliacha kukunja. Mwalimu aliinua kichwa kwenye mito.

"Uliyarudisha lini? Mimi nikiwa bado njiani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi maua nakusamehe," alisema taratibu. "Lakini siku nne nimelala hapa nikijiona nimerukwa na akili, baba. Nimejililia mwenyewe. Nenda kawaambie ofisini, na hapa usirudi."

Kisha akamgeukia binti yake, akataka buti zake ziletwe leo hii, ziwekwe chini ya kitanda azione.

Chokaa alitoka akaelekea ofisini kwa miguu. Nilijua hiyo kazi imekwisha, na sikumwonea huruma bado. Kofia yake ilibaki pale kitandani. Hakuna aliyemkimbilia nayo, hata mimi.