Nilivyoua samaki wa baharini wa Hajji kwa kumbadilishia maji kila asubuhi

Wakuu, heshima mbele. Haya yalinikuta mwenyewe, na sina haja ya kuongeza chumvi. Iliyoongezwa siku zile ilitosha.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mhudumu Arua mjini, kule Uganda, kwenye hoteli ya Hajji mmoja mtu wa Koboko. Akaenda Mombasa, akarudi na tanki la kioo, samaki wawili wa baharini na majerikeni matatu ya maji ya bahari.

Arua! Ambako bahari tunaisikia redioni tu.

Swali: maji yabadilishwe kila lini?

Sajini, mwanajeshi mstaafu aliyelinda geti, akasema, "Kila asubuhi. Maji ya jana iko chafu."

Nikatii. Nikamwaga yote, nikajaza ya kisima na chumvi ya jikoni, nikaonja kama mchuzi.

Siku ya tatu samaki wa njano akaelea kiubavu.

Hajji akaitisha kikao. Chai, mandazi, katibu anaandika. Serious kabisa. Mwisho Hajji akafunga mjadala: "Mutu gani nabadilisha maji ya bahari? Mungu hajabadilisha hata siku moja!"

Azimio: tusiguse.

Baada ya mwezi tanki likawa kijani, linanuka, wateja wanahamia nje. Samaki aliyebaki anahema juujuu. Na Hajji kashamwalika mkubwa kutoka Kampala aje kuona "bahari". Akaniambia samaki huyu akifa, kazi sina.

Nilimwombea yule samaki kuliko ndugu zangu.

Ndipo Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan aliyeosha vyombo pale, akanivuta kando.

"Mimi nilitunza tanki kama hii Port Sudan, nyumba ya tajiri. Kila wiki mbili, kama iko ndoo kumi, toa moja. Rudisha maji ya bahari, si ya mchuzi. Ikipungua na joto, ongeza maji ya kawaida. Chumvi haiendi na joto."

Majerikeni yale ya Mombasa yalikuwa chumbani kwa Hajji, anawagawia wageni kijiko kijiko kama dawa ya mgongo. Nikapiga magoti, akanipa.

Tukabadilisha kidogo kidogo. Samaki akaanza kula.

Mkubwa alipofika, Hajji akamweleza kirefu jinsi *yeye* alivyofanya utafiti. Mama Keji akapita na sinia.

Nikamuuliza, "Mama, mbona siku ya kikao hukusema?"

"Niliosha vikombe yenu. Nani aliniuliza?"

Funzo nililopata: kidogo, kila wiki mbili, na usiulize wenye sauti kubwa tu.

Wenye matanki ya chumvi humu, nyie mnabadilisha kila lini? Na mlimuuliza nani? Nitukaneni taratibu.